Paa Letu ni Lipi

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, sheli ya Tabata.
Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi ya Ustawi wa Jamii,
muhuri umepigwa upande, wino umemwagikia
herufi ya kwanza ya jina la mtoto.
Haikuandikwa nani atashika begi
mtoto akishuka kwenye bajaji.
Kwa hiyo sote wawili tunalinyooshea mikono,
kisha sote wawili tunairudisha.

"Habari, Mama Ilham."
"Salama, Baba Ilham."
Talaka ilichukua vingi: kabati, friji, mashemeji,
namba ya simu niliyoikariri miaka tisa.
Majina haya mawili iliyaacha.
Tunaitana hivyo mbele ya vijana wa kujaza upepo,
na asiyejua angedhani tunarudi nyumba moja.

"Kakohoa jana. Dawa iko mfuko wa pembeni.
Na sweta la shule lirudi, mara ile halikurudi."
"Lilikuwa kambani."
"Lirudi."
Hiyo ndiyo lugha yetu sasa, fupi kama risiti.
Zamani tuligombana mpaka jirani
akazima redio yake asikie vizuri.

Mwezi wa tatu, mvua ikianza kuharibu njia ya Mabibo,
Ilham aling'oka jino kwangu, kwenye muhindi wa kuchoma.
Nikamwambia, twende uani ulirushe juu ya paa,
kama nilivyorusha mimi,
kama alivyorusha bibi yako Sikudhani kule Kisarawe.
Akafumba kiganja.
"Paa lipi?"
"Si hili hapa."
"Hili lako. Na la mama?"
Nikatazama juu. Bati la kupanga,
milango sita, luku moja, kutu pembeni mwa dishi la mwenye nyumba.
Hata mimi si langu, nilitaka kusema.
Nikamfuta damu mdomoni kwa kona ya kanga
niliyosahau kwamba si yangu.

Jino likafungwa kwenye tishu, tishu ikaingia kwenye mkebe wa penseli.
Likaenda Segerea.
Likarudi Mabibo.
Likaenda tena Segerea.
Usiku mmoja mama yake akapiga, siku isiyo yangu:
"Umemwambia nini kuhusu mapaa?"
"Sijamwambia kitu."
"Kwangu pia kakataa kulirusha."
Kimya. Nikasikia sufuria ikichemka,
nikajua ni maharage, nikajua nazi ameitia mapema,
kama siku zote,
na kwa mara ya kwanza sikusema.
"Basi tumwache."
"Tumwache."
Mwaka mmoja na miezi miwili, hilo ndilo jambo la kwanza
tulilokubaliana bila shahidi.

Hakuniambia Ijumaa alipokuja.
Hakuniambia Jumamosi, tukisuuza miguu bombani.
Alisubiri Jumapili, sheli, tuwe wote wawili.
"Nimelirusha."
"Wapi?" tukauliza pamoja, sauti zikagongana.
"Shuleni. Juu ya darasa la pili.
Pale nyie wote hamlali."
Halafu akaomba juisi ya ukwaju,
pengo wazi, kama aliyetoa hesabu ndogo ikakubali.

Mama Ilham akageukia bango la bei ya petroli
akalisoma mstari kwa mstari,
mtu asiye na gari wala pikipiki.
Mimi nikahesabu chenji, nikaihesabu tena,
ikazidi, ikapungua.

Begi lilikuwa chini, kati yetu.
Mtoto akalibeba mwenyewe, mkanda mmoja begani,
akatangulia kuelekea kwenye bajaji.
Sweta lilikuwa ndani.
Nililifua kwa mkono usiku wa jana.
Kwapani halijakauka vizuri.